Jinsi ya Kukokotoa Ufaafu wa Kibiolojia kwa Takwimu za Selimundu kutoka Musoma

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwalimu wa biolojia, mwanafunzi wa kidato cha sita au wa chuo, na msomaji mwingine yeyote aliyekutana na dhana ya ufaafu katika masomo ya mageuko ya viumbe na ambaye angependa kuihesabu mwenyewe badala ya kuikariri. Kinachohitajika ni karatasi, kalamu na kikokotoo cha kawaida. Takwimu tutakazozitumia ni za kweli. Zilikusanywa Musoma, kwenye ufuko wa mashariki wa Ziwa Victoria, na zikachapishwa mwaka 1956 na Anthony Allison, daktari na mtafiti aliyezaliwa Afrika Kusini na kukulia Kenya.

Kabla ya kuanza: fahamu kinachopimwa

Ufaafu wa kibiolojia ni kiasi ambacho viumbe wenye muundo fulani wa kijeni huchangia, kwa wastani, katika kizazi kinachofuata. Una sehemu mbili zinazozidishana: uwezekano wa kiumbe kuishi hadi umri wa kuzaa, na idadi ya watoto anaowapata akishafika umri huo. Sehemu moja ikiwa sifuri, jibu lote huwa sifuri. Baghala, anayezaliwa na punda dume na farasi jike, hubeba mizigo mizito, huvumilia njia mbaya na malisho hafifu, na huishi miaka mingi. Lakini kwa kuwa karibu kila baghala ni tasa, nguvu zote hizo haziupandishi ufaafu wake juu ya sifuri.

Maneno "kwa wastani" yana uzito mkubwa hapa. Ufaafu hauhesabiwi kwa mtu mmoja mmoja, kwa sababu maisha ya mmoja yamejaa mambo yasiyohusiana na jeni zake: anaweza kuwa na kinga nzuri kabisa dhidi ya malaria na bado akazama ziwani akiwa mtoto. Tunachohesabu ni kundi la watu walio na muundo uleule wa kijeni, tukitarajia kwamba ajali na bahati zitajisawazisha ndani ya kundi kubwa na kutuachia athari ya jeni yenyewe.

Ni lazima pia kuondoa mapema dhana iliyoleta madhara makubwa. Usemi maarufu kwamba wanaofaa zaidi ndio wanaosalia ulibuniwa na Herbert Spencer mwaka 1864, na Charles Darwin akaukubali katika maandishi yake mwaka 1869. Tangu hapo wapo waliousoma kana kwamba unazungumzia ubora wa watu, na baadhi yao wakautumia kuhalalisha dhuluma. Hesabu tutakayoifanya itatoa namba ndogo sana kwa watoto wenye ugonjwa wa selimundu. Namba hiyo inaeleza hali ya malaria, lishe na tiba katika mahali fulani na wakati fulani. Haielezi thamani ya mtoto yeyote, na mwalimu anayefundisha somo hili darasani afahamu kwamba huenda mbele yake ameketi mwanafunzi mwenye selimundu anayesikiliza kila neno.

Hatua ya 1: Chagua sifa inayorithiwa na inayoweza kutambuliwa

Ufaafu unahusu kile kinachorithiwa. Kovu la moto au misuli iliyojengwa kwa kazi ya jembe haiingii katika hesabu hii, kwa sababu mzazi hampi mtoto vitu hivyo kupitia jeni. Sifa bora kwa anayejifunza ni ile inayotawaliwa na jeni moja yenye aina mbili, ambapo kila jenotaipu, yaani kila mchanganyiko wa aina hizo ambao mtu anaweza kuwa nao, inaweza kutambuliwa kwa kipimo cha maabara bila kubahatisha.

Selimundu inatimiza masharti yote mawili. Jeni inayohusika iko kwenye kromosomu ya 11 na hutoa maelekezo ya kutengeneza sehemu ya himoglobini, protini inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu za damu. Badiliko la herufi moja tu katika jeni hiyo huifanya asidi amino ya sita katika mnyororo wa beta kuwa valini badala ya asidi ya glutamiki. Kila aina ya jeni huitwa aleli: aleli ya kawaida tuiite A, na aleli iliyobadilika tuiite S. Kila mtu hurithi nakala moja kutoka kwa mama na nyingine kutoka kwa baba, kwa hiyo kuna jenotaipu tatu. Mwenye AA ana himoglobini ya kawaida. Mwenye AS ni mbebaji, ambaye kwa kawaida huishi bila kuugua selimundu. Mwenye SS ana ugonjwa wenyewe: oksijeni ikipungua, himoglobini yake hushikamana na kuunda nyuzi ngumu, chembe nyekundu zikajikunja mfano wa mundu, zikaziba mishipa midogo ya damu na kuvunjika kabla ya wakati wake.

Hatua ya 2: Taja mahali, wakati na kinachoua

Hatua hii ndiyo inayorukwa mara nyingi, na kwa maoni yangu ndiyo inayotenganisha hesabu yenye maana na hesabu tupu. Hakuna ufaafu wa jumla unaofuatana na jeni popote iendapo. Kuna ufaafu wa jeni katika mazingira yaliyotajwa, na mazingira yakibadilika namba nayo hubadilika.

Historia ya selimundu inaonyesha jinsi mazingira yanavyoweza kusomwa kwenye damu. Mwaka 1949 Allison alishiriki safari ya utafiti nchini Kenya na akapima damu za watu wa sehemu mbalimbali. Aliona kwamba wabebaji wa aleli ya S walikuwa wengi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, ilhali katika nyanda za juu na maeneo makavu walikuwa wachache. Mpangilio huo haukufuata lugha wala asili za watu kwa unyofu; ulifuata malaria. Hapo likazuka swali zito: ikiwa watoto wengi wenye SS walikuwa wanafariki kabla ya kuzaa, na hivyo kila kizazi kilikuwa kinapoteza nakala nyingi za S, kwa nini aleli hiyo ilikuwa haijaisha?

Jibu alilitafuta Uganda. Katika eneo la Kampala alipima watoto 290 wa Kiganda. Miongoni mwao 43 walikuwa na chembe zinazojikunja zikipimwa maabara, dalili ya kubeba aleli ya S, na 12 kati ya hao, sawa na asilimia 27.9, walikutwa na vimelea vya malaria. Wengine 247 hawakuwa na chembe hizo, na 113 kati yao, sawa na asilimia 45.7, walikuwa na vimelea. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1954. Miongo mitano baadaye, utafiti uliofanywa Kilifi, katika pwani ya Kenya, na kuchapishwa mwaka 2005 ulipima kinga hiyo kwa undani zaidi: kuwa na AS kulipunguza malaria ya kawaida kwa takriban nusu, kulazwa hospitalini kwa sababu ya malaria kwa takriban robo tatu, na malaria kali kwa karibu asilimia 90.

Ili usidhani kwamba jambo hili ni la binadamu na mbu pekee, watazame tembo wa Gorongosa nchini Msumbiji. Wakati wa vita vya mwaka 1977 hadi 1992 tembo wengi sana waliuawa kwa ajili ya pembe zao. Kabla ya vita, majike yasiyo na pembe yalikuwa chini ya asilimia 20. Baada ya vita yakafika karibu nusu. Kukosa pembe, ambako katika nyakati za amani humnyima tembo zana ya kuchimbia maji na kubandua magome, kuligeuka kuwa kinga dhidi ya bunduki. Jeni inayohusika iko kwenye kromosomu ya X na inaelekea kuwaua madume wakiwa bado tumboni, kwa hiyo hata ndani ya mbuga moja jeni ileile ina ufaafu wa aina mbili, mmoja kwa majike na mwingine kwa madume. Andika basi juu ya karatasi yako, kabla ya namba yoyote: Musoma, miaka ya 1950, malaria ya kudumu, tiba ya selimundu karibu hakuna.

Hatua ya 3: Hesabu jenotaipu katika vipindi viwili vya umri

Njia timilifu ni kuwafuatilia watoto walewale tangu kuzaliwa hadi utu uzima. Kwa binadamu hilo huchukua miaka ishirini au zaidi, kwa hiyo watafiti wengi hutumia njia ya mkato: hupima watoto wachanga na watu wazima wa eneo moja kwa wakati mmoja, kisha hulinganisha. Takwimu za Musoma zilipatikana kwa njia hiyo.

Watoto wachanga walikuwa 287: AA 189, AS 89, SS 9.

Watu wazima walikuwa 654: AA 400, AS 249, SS 5.

Tayari jicho linaona jambo. Watu wazima waliopimwa ni zaidi ya mara mbili ya watoto, lakini wenye SS miongoni mwao ni wachache kuliko wale wa kundi dogo la watoto. Wenye AS nao wameongezeka kwa karibu mara tatu.

Atakayetaka kukusanya takwimu kama hizi leo afahamu kwamba damu ya mtu haichukuliwi kwa ajili ya utafiti bila ridhaa yake au ya mzazi wake, wala bila kibali cha maadili. Kwa Tanzania bara kibali cha utafiti wa afya wa kitaifa hupitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Majibu ni siri ya aliyepimwa. Kwa mazoezi ya darasani tumia takwimu zilizokwisha kuchapishwa, au fanya jaribio la mimea nitakaloeleza katika hatua ya 7.

Hatua ya 4: Hakikisha kwamba mwanzo unaaminika

Kabla ya kulinganisha makundi mawili, chunguza kama kundi la watoto linafanana na kile ambacho urithi wa kawaida ungetoa. Kanuni ya Hardy na Weinberg, iliyotolewa mwaka 1908, inasema kwamba endapo watu wanaoana bila kujali jenotaipu hii, na uteuzi asilia (yaani baadhi ya jenotaipu kuishi au kuzaa kuliko nyingine) bado haujagusa kundi, basi masafa ya A, yaani sehemu yake kati ya nakala zote za jeni hiyo, yakiwa p na ya S yakiwa q, sehemu ya wenye AA itakuwa p × p, ya wenye AS itakuwa 2 × p × q, na ya wenye SS itakuwa q × q.

Kwanza pata q kwa watoto. Kila mwenye AS ana nakala moja ya S na kila mwenye SS ana mbili, kwa hiyo nakala za S ni 89 + 18 = 107. Nakala zote za jeni ni 287 × 2 = 574. Hivyo q ni 107 ÷ 574 = 0.186, na p ni 0.814. Matarajio kwa watoto 287 ni AA 190, AS 87 na SS 10. Waliopatikana ni 189, 89 na 9. Ukaribu huo unatupa ujasiri kwamba kundi la watoto halijachujwa sana na vifo.

Sasa fanya vivyo hivyo kwa watu wazima. Nakala za S ni 249 + 10 = 259 kati ya 1308, yaani q ni 0.198. Kama hakuna kilichowachuja, tungetarajia AA 421, AS 208 na SS 26 hivi. Waliopatikana ni 400, 249 na 5. Wenye SS wamepungua kwa takriban watu 21, wenye AA nao wamepungua kwa takriban 21, na wenye AS wamezidi kwa 41. Uteuzi asilia umepita hapa na kuacha alama kutoka pande mbili: upande mmoja selimundu, upande wa pili malaria.

Hatua ya 5: Gawanya sehemu ya watu wazima kwa sehemu ya watoto

Usigawanye idadi zenyewe, kwa kuwa makundi hayalingani ukubwa. Badili kwanza kila idadi iwe sehemu ya kundi lake.

Kwa AA: 400 ÷ 654 = 0.612, na 189 ÷ 287 = 0.659. Uwiano ni 0.929.

Kwa AS: 249 ÷ 654 = 0.381, na 89 ÷ 287 = 0.310. Uwiano ni 1.228.

Kwa SS: 5 ÷ 654 = 0.0076, na 9 ÷ 287 = 0.0314. Uwiano ni 0.244.

Uwiano wa AS umevuka 1, na hapo wanafunzi wengi hushtuka. Hakuna aliyefufuka wala kuongezeka njiani. Kundi lote limepungua kwa vifo, lakini wenye AS wamepungua kidogo kuliko wengine, kwa hiyo sehemu yao katika waliobaki imekuwa kubwa.

Hatua ya 6: Weka kipimo kimoja, kisha soma nguvu ya uteuzi

Kwa desturi jenotaipu iliyofanikiwa kuliko zote hupewa ufaafu wa 1, na nyingine hupimwa dhidi yake. Gawanya kila uwiano kwa 1.228. AA inapata 0.76, AS inapata 1, na SS inapata 0.20. Huu ndio ufaafu linganishi, angalau kwa upande wa kuishi.

Tofauti kati ya 1 na namba hiyo huitwa kigezo cha uteuzi. Kwa AA kigezo, tukiite s, ni 0.24, kwa SS, tukiite t, ni 0.80. Maana yake ni hii: katika mazingira ya Musoma ya wakati ule, kwa kila watu 100 wenye AS waliofika utu uzima, kundi la watoto wa AA lenye ukubwa uleule tangu mwanzo lingefikisha 76, na la SS lingefikisha 20. Pungufu la 24 kwa wenye AA, ambao kwa lugha ya kila siku tungewaita wazima kabisa, linaonyesha kwa uwazi ukubwa wa mzigo ambao malaria iliwatwika watoto wa kanda ya ziwa. Idadi ya AA ilikuwa kubwa, kwa hiyo kwa hesabu ya vichwa malaria ilikuwa inaua watoto wengi zaidi kuliko selimundu.

Sasa uwe mkali kwa namba zako. Jibu la SS limejengwa juu ya watoto 9 na watu wazima 5. Jaribu kuongeza watu wazima watatu tu wenye SS, wawe 8 kati ya 657, kisha rudia hesabu: ufaafu wa SS unapanda kutoka 0.20 hadi takriban 0.32. Watu watatu wametosha kuusogeza kiasi hicho, ilhali namba ya AA inabaki karibu palepale. Kwa sababu hiyo napendekeza uandike jibu la SS kama "karibu 0.2" na kuacha tarakimu nyingine, tarakimu tatu baada ya nukta zingedai uhakika ambao takwimu hazina. Kumbuka pia kwamba watu wazima waliopimwa walizaliwa miaka mingi kabla ya watoto waliopimwa, na baadhi yao huenda walihamia Musoma kutoka kwingine. Njia ya mkato inachukulia kwamba mambo hayo hayakubadili picha.

Hatua ya 7: Ongeza uzazi

Hadi sasa tumehesabu kuishi peke yake. Hesabu kamili inahitaji wastani wa watoto wa kila jenotaipu, uzidishwe kwa uwezekano wa kuishi, kisha ndipo ugawanye ili kupata ufaafu linganishi. Kwa binadamu sehemu hii ni ngumu, kwani idadi ya watoto hutegemea umri wa kuolewa, uzazi wa mpango, mila na kipato, na ni vigumu kutenga athari ya jeni. Kwa mimea ni rahisi, na jaribio lake linaweza kufanyika katika bustani ya shule ndani ya msimu mmoja.

Chukua aina mbili za kunde zinazotofautiana kwa rangi ya mbegu. Panda mbegu 100 za kila aina katika udongo mmoja, kwa nafasi sawa, zikiwa zimechanganywa ili aina moja isipate upande wenye rutuba au kivuli zaidi. Hesabu miche inayofika hatua ya kutoa maua, kisha hesabu mbegu zote zilizovunwa kwa kila mmea. Tuseme, kwa mfano wa kubuni, kwamba aina ya kwanza ilifikisha mimea 60 yenye wastani wa mbegu 40, na aina ya pili ikafikisha mimea 80 yenye wastani wa mbegu 25. Ya kwanza ina ufaafu halisi wa 0.60 × 40 = 24 kwa kila mbegu iliyopandwa; ya pili ina 0.80 × 25 = 20. Ufaafu linganishi wa pili ni 20 ÷ 24, yaani 0.83. Aina iliyoonekana imara shambani, ile ambayo mpita njia angeisifu, ndiyo iliyoshindwa. Ningependa kila darasa la biolojia lifanye jaribio hili, kwa sababu mwanafunzi aliyehesabu mbegu kwa mikono yake hasahau tena kwamba kuishi ni nusu tu ya hesabu.

Hatua ya 8: Jiulize kama ndugu wanahusika

Kwa selimundu unaweza kuiruka hatua hii. Kwa wanyama wanaoishi kwa ushirika hairukiki. Fuko uchi wa maeneo makavu ya Kenya, Ethiopia na Somalia huishi chini ya ardhi katika makoloni ambamo jike mmoja tu huzaa, akiwa na dume mmoja au wachache, huku wengine wakichimba mashimo, wakileta chakula na kulinda. Ukihesabu watoto wa mfanyakazi mmoja utapata sifuri, na utashindwa kueleza kwa nini tabia hiyo imedumu. Mwaka 1964 mwanabiolojia W. D. Hamilton alionyesha kwamba jeni hupita pia kupitia ndugu: tabia ya kujitolea inaweza kuenea iwapo faida anayopata ndugu, ikizidishwa kwa kiwango cha undugu (sehemu ya jeni wanazoshiriki kwa kurithi), inazidi gharama anayoingia mtoaji. Ndugu wa baba na mama mmoja wana kiwango cha 0.5, kwa hiyo kumsaidia ndugu huyo kupata watoto watatu wa ziada kwa gharama ya kukosa mtoto mmoja wako ni faida kwa jeni: 0.5 × 3 ni 1.5, nayo inazidi 1. Jumla ya njia hizo mbili huitwa ufaafu jumuishi.

Hatua ya 9: Tumia namba zako kutabiri

Ufaafu uliohesabiwa na kuachwa kwenye daftari haujamaliza kazi yake. Ukiwa na s na t unaweza kujua aleli ya S inaelekea wapi. Pale ambapo AS ndiyo yenye ufaafu wa juu, aleli zote mbili hudumu, na q hutulia kwenye s ÷ (s + t). Kwa Musoma ni 0.24 ÷ 1.04, yaani karibu 0.23. Tulipata 0.186 kwa watoto na 0.198 kwa watu wazima, kwa hiyo aleli ilikuwa karibu na mahali pake pa kutulia na ikielekea huko. Hili ndilo jibu la swali la kwa nini S haikuisha: kila kizazi kilipoteza nakala za S kupitia watoto wenye SS, na kilipoteza nakala za A kupitia watoto wa AA waliouawa na malaria.

Sasa iondoe malaria katika hesabu. Chukulia kwamba vyandarua, dawa na upuliziaji vimefanikiwa kabisa, kwamba AA na AS sasa wana ufaafu sawa wa 1, na kwamba wenye SS bado hawana tiba, t ikibaki 0.80. Masafa ya kizazi kinachofuata hupatikana kwa kuzidisha q kwa (1 − tq), kisha kugawanya kwa (1 − tqq), ambapo qq ni q mara q. Anza na 0.186 na urudie hesabu hiyo kizazi baada ya kizazi. Kizazi cha kwanza utapata 0.163, cha pili 0.145, cha tatu 0.130, na itakapofika cha saba q itakuwa karibu 0.093, nusu ya ilivyokuwa. Ukichukua miaka 25 kwa kizazi, nusu hiyo imetumia miaka 175 hivi. Watoto wanaozaliwa na SS watakuwa wameshuka kutoka 35 hadi 9 katika kila 1000, lakini wabebaji wa AS bado watakuwa 168 katika kila 1000. Upunguaji unazidi kuwa wa polepole kadiri S inavyokuwa adimu, kwa sababu nakala zake nyingi zimo ndani ya watu wenye AS, ambako uteuzi hauzifikii.

Marekani huonyesha mwelekeo huo katika hali halisi. Miongoni mwa Wamarekani weusi, wanaoishi mahali ambapo malaria ilitoweka katika karne ya 20, wabebaji ni takriban asilimia 8. Usiuhesabu upungufu wote kuwa kazi ya uteuzi asilia, maana mababu zao walitoka sehemu mbalimbali za Afrika zenye viwango tofauti, na kuchanganyika na watu wa asili ya Ulaya kumepunguza masafa hayo pia.

Zoezi la mwisho lihusu tiba. Uchunguzi wa watoto wachanga, chanjo, dawa za kuzuia maambukizi na hydroxyurea, dawa inayopunguza makali ya selimundu, vinawawezesha watoto wengi wenye SS kufika utu uzima na kupata watoto wao wenyewe. Hivyo t haibaki 0.80. Iweke 0.20, malaria ikiwa bado imeondolewa, na urudie vizazi saba. Utaona q ikishuka hadi karibu 0.152 tu, watoto wenye SS wakiwa 23 katika kila 1000, na wabebaji 258. Mpangaji wa huduma za afya anayesoma namba hizi atatambua kwamba kliniki za selimundu katika kanda ya ziwa zitahitajika kwa muda mrefu sana hata malaria ikitokomezwa, na kwamba mafanikio ya kliniki hizo ndiyo yatakayoongeza idadi ya watu wazima watakaozihudhuria. Kisha weka t iwe sifuri, yaani wenye SS wanaishi na kuzaa sawa na wengine wote: q haisogei hata kidogo, na inabaki 0.186 kizazi baada ya kizazi hadi pale uhamiaji au bahati ya kundi dogo itakapoisogeza.